Jinsi ya Kuchagua na Kutazama Nyumbani Nakala Iliyokarabatiwa ya Nosferatu

Filamu bubu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau na kuoneshwa rasmi kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 4 Machi 1922, nusura ipotee kabisa. Florence Stoker, mjane wa mwandishi wa Dracula, aliwashtaki watengenezaji wake kwa kuitumia hadithi ya marehemu mumewe bila idhini, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizosalimika zilikatwakatwa na kuchakaa, kila moja kwa namna yake, na ndizo zilizozaa matoleo mengi mabovu yanayozagaa mtandaoni hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kununua diski au kubofya popote, chagua kwa makini.

Toleo ninalolipendekeza bila kusita ni lile la wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, lililokamilishwa mwaka 2006 chini ya usimamizi wa Luciano Berriatúa, ambaye msingi wa kazi yake ulikuwa nakala ya nitrati (utepe wa filamu wa zamani) yenye rangi iliyohifadhiwa na Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Ufaransa. Toleo hilo huchukua takriban dakika 94. Ukikuta nakala inayomalizika kwa saa moja na dakika chache, au ambayo vibao vyake vya maandishi vinamwita bwana wa ngome, yule mnyonya damu, kwa jina la Dracula badala ya Orlok, iache.

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni rangi. Watu wengi hudhani kwamba filamu bubu lazima iwe nyeusi na nyeupe tupu, ilhali filamu hii ilitiwa rangi kwa makusudi: manjano na kahawia kwa mchana na vyumba vyenye taa, buluu inayoelekea kijani kwa usiku, na waridi kwa alfajiri. Matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana. Mtazame Orlok anapoingia mjini Wisborg akiwa amekumbatia jeneza lake: rangi ikiondolewa, anatembea juani waziwazi na kivuli chake kinaonekana ukutani, na mtazamaji anashindwa kuelewa kwa nini jua lilelile linamwangamiza mwishoni. Rangi ikirudi, usiku unarudi, na hadithi inasimama sawasawa.

Ukishapata nakala, ingia kwenye mipangilio ya runinga. Zima kabisa kipengele kinacholainisha mwendo, kwa sababu hicho hubuni picha ambazo kamera haikuzipiga. Garimoshi la kisasa linaweza kwenda laini, lakini gari la farasi la Orlok lilikusudiwa kwenda kwa mishtukomishtuko isiyo ya dunia hii, na miti myeupe inayolizunguka kwa muda si kasoro ya diski, bali ni negatifu (picha ambayo weusi na weupe wake vimegeuzwa) iliyotumiwa makusudi. Punguza pia ukali wa picha na kichujio cha chembechembe. Acha umbo la picha liwe la 4:3, pamoja na nafasi nyeusi pande zote mbili, kwani ukiivuta ijaze kioo, ama utamnenepesha Max Schreck, mwigizaji wa Orlok, ama utamkata kichwa.

Zima taa za chumba, kisha ongeza mwanga wa picha kidogo tu, hadi mikunjo ya koti la Orlok ianze kuonekana huku weusi wa mlango nyuma yake ukibaki weusi.

Usitazame bila sauti. Hans Erdmann alitunga muziki maalumu kwa ajili ya filamu hii, na Berndt Heller aliuunda upya kwa okestra. Chagua huo iwapo diski ina muziki wa aina kadhaa. Vibao viache katika Kijerumani, chini yake uweke tafsiri ya lugha unayoisoma upesi, maana barua na kurasa za kitabu zilizomo zilichorwa kwa mkono na ni sehemu ya mandhari. Filamu imegawanywa katika sehemu tano, kila moja ikitangazwa kwa kibao chake. Ikibidi usimamishe, simamisha hapo.