Somo: Diski za mgongo zimechakaa, sasa nifanyeje?

Mama mmoja wa miaka 58 aliniletea bahasha ya picha za MRI huku anatembea kama amebeba mayai. "Mwanangu, pingili zangu zimeoza." Nikasoma ripoti: diski mbili za kiunoni zimepungua maji na kimo. Kuoza hakukutajwa popote. Miaka yangu yote ya fiziotherapia, naona ripoti zinaogopesha watu kuliko mgongo wenyewe unavyowaumiza.

Diski ni vitu kama mito midogo ya kulalia, vilivyokaa kati ya pingili na pingili, tunavyo 23. Ndani mna kiini chenye ute, nje zimezunguka nyuzi ngumu. Ukilala, diski inanyonya maji. Ukisimama mchana kutwa, uzito unayakamua. Ndiyo maana asubuhi una kimo zaidi kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Miaka ikienda, uwezo wa kushika maji unapungua. Na kwa kuwa diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye pingili, hivyo hata kujitengeneza kwake ni kwa taratibu sana. Fikiria godoro la sufi la miaka mingi: limedidimia katikati, lakini watu wanalala.

Mwaka 2015 watafiti walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 20, 37 kati ya 100 walikutwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, ni 96. Kwa hiyo picha peke yake haisemi maumivu yako yanatoka wapi.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu unayokalia, mkojo kugoma au kujitokea, mguu kulegea: hospitali leo hii, usisubiri kesho. Homa, jasho la usiku, kukonda, au uliwahi kuugua saratani: nenda ukapimwe. TB ya uti wa mgongo ipo kwetu, na wengi huichukulia kuwa "mgongo wa uzee".

Hatua ya 2: Usilale kitandani. Siku moja au mbili za kujihurumia zinatosha, kisha tembea, hata dakika tano kuzunguka nyumba. Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 uliwafuata watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa mpango wa kutembea walikaa siku 208 hivi kabla maumivu hayajarudi, wenzao, 112. Lengo lao lilikuwa dakika 30, siku tano kwa wiki, wakiongeza muda kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Imarisha misuli. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Mara 10. Halafu kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, mara 10. Maumivu madogo ya kiunoni yasikutishe. Yakianza kushuka mguuni zaidi ya mwanzo, punguza.

Hatua ya 4: Badili kazi, usiache kazi. Kuinama si kosa. Tatizo ni kuinama saa nzima. Beseni la kufulia lipandishe juu ya meza. Fagio la chelewa lifungie mpini mrefu. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili, na unapoinyanyua isogeze karibu na mwili.

Hatua ya 5: Dawa kwa kipimo. Diclofenac, ile dawa ya maumivu, ukiinunua dukani na kuimeza miezi na miezi, inaharibu tumbo, figo na presha. Muulize daktari, hasa ukiwa na umri mkubwa. Na sigara acha, inazidi kuinyima diski chakula.

MASWALI

Swali: Shikamoo. Mama anavaa mkanda wa kiuno mwezi wa nane sasa, auvue?
Jibu: Marahaba. Kama haukuwekwa kwa sababu ya kuvunjika au upasuaji, ndiyo, aupunguze saa chache kila siku huku anaanza mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauushauri kwa maumivu sugu ya kiuno.

Swali: Naendesha bodaboda, nina miaka 34. Maumivu yanatoka kiunoni mpaka kwenye unyayo. Nitapasuliwa?
Jibu: Huenda diski imetokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Pole, kaka, lakini wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila kisu, na mara nyingi kile kilichotokeza kinasinyaa chenyewe. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya saa moja, tembea kidogo. Ukiona kidole gumba cha mguu hakinyanyuki au unyayo unaburuzika, nenda hospitali.

Swali: Supu ya kongoro inaongeza ute wa diski?
Jibu: Hapana. Ikifika tumboni inasagwa kama nyama nyingine. Haina njia ya mkato kwenda kiunoni. Inywe kwa utamu wake. Na kabla hamjaniuliza: bamia nayo, jibu ni hilo hilo.