Kusafisha buti za Nairobi kabla ya kupanda milima ya Shelisheli

Juzi nimekesha na mdogo wangu mpaka saa sita usiku tukisugua viatu. Anaenda Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, anataka kupanda mlima Morne Seychellois, na viatu alivyokuwa ameshapaki ni vilevile anavyozungukia Karura na Ngong. Nikamwambia toa hivyo, tuanze upya. Huko milimani kuna chura anaitwa Sechellophryne gardineri, mtu mzima hafiki hata sentimita moja na nusu, anaishi visiwa vya Mahé na Silhouette tu, duniani kwingine hayuko, na msitu wake tayari umejaa midalasini ya kuletwa. Sisi Kenya fangasi ya kitridi tunayo. Inasafiri kwa maji na matope, inashika ngozi ya chura, na ngozi ndo anayonywea maji na kupatia chumvi za mwili, ikiharibika moyo unasimama. Ilipofika Dominica kule Karibi mwaka 2002, wale vyura wakubwa waliokuwa wanaliwa hadi hotelini, zaidi ya robo tatu walikufa kabla miaka miwili haijaisha.

Hatua ya 1: Beba gambuti. Buti za mitumba za Gikomba ni nzuri lakini zina sponji ndani na mishono mingi, matope yanajificha humo na hutayaona. Kwa kazi hii mimi ni gambuti tu.

Hatua ya 2: Toa matope YOTE kabla hujagusa Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo). Hapa ndo nilipoteza siku nzima mwaka fulani, nimechovya jozi sita zikiwa na udongo kwenye soli, nimezianika, nikajua nimemaliza, kumbe klorini ikikutana na udongo na majani inaishia hapo hapo, haifiki kwa fangasi. Nikarudia zote. Kwa hiyo chukua brashi ngumu na mswaki wa zamani, kijiti cha kuchokoa mifereji ya soli, maji na sabuni, halafu suuza sabuni yote itoke. Pitisha kidole, kikitoka na rangi ya udongo rudia. Usisahau ncha za fimbo ya kutembelea, chini ya begi, na Velcro ya gaiters (vile vifuniko vya miguu vya kuzuia matope), hiyo Velcro inashika vipande vya majani vibaya sana. Na fanyia bafuni, usiende kufanyia mtoni, Jik inaua viluwiluwi.

Hatua ya 3: Jik. Soma lebo, ikiwa ni 3.5% weka kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, utapata zaidi kidogo ya 1%. Chovya, mimi naacha dakika tano. Changanya siku hiyohiyo, ya jana imeshapungua nguvu. Vaa glavu, fungua dirisha, na usiichanganye kabisa na dawa ya kusafisha choo, gesi yake ni hatari.

Hatua ya 4: Suuza, kausha. Kitridi haivumilii kukauka kabisa, ila Julai Nairobi kitu hakikauki kwa kamba, weka nyuma ya friji siku mbili.

Hatua ya 5: Ukifika, usiseme huendi mtoni kwa hiyo huna haja ya kujihadhari. Gardineri hana kiluwiluwi cha majini, yai linatoa kichura moja kwa moja kwenye majani ya chini, kwa hiyo msitu mzima ni kwake. Gambuti zikae kwenye mfuko safi uliofungwa, uzivae pale njia inapoanzia.