Pa kulala leo, amua mchana wa leo

Kwa mnaozunguka Marekani na gari la kulala ndani: msilipie vituo vya kulala vya safari nzima kabla ya kutoka nyumbani. Lipia usiku wa kwanza na wa mwisho tu. Siku za katikati, mkisimama kula mchana, fungua ramani uchague sehemu mbili, moja ya mwendo wa saa moja hivi na nyingine ya saa tatu. Zipigie zote simu uulize nafasi. Ikifika saa tisa alasiri, pima uchovu wako na upepo, ndipo uamue. Juzi tulipokuwa Wyoming, barabara ya I-80, upepo ulisukuma gari mpaka mikono ikauma kwa kushikilia usukani. Tukalala pale pa karibu, na hatukupoteza hela ya mahali ambapo tusingefika. Gari refu lenye ubavu mpana halilazimishwi kwenye upepo, na kuegesha gizani usipopajua ndiko kunakovunja vioo vya pembeni.

Mbinu hii inakwama wikiendi ya 4 Julai (siku ya uhuru wa Marekani), ile ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi) mwanzoni mwa Septemba, na kwenye hifadhi kama Yosemite wakati wa kiangazi. Huko lipia mapema kabisa. Ukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa anayehitaji kiyoyozi usiku kucha, usibahatishe kupata kituo chenye umeme. Ardhi nyingi za BLM (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi za umma) kule magharibi zinaruhusu kulala bure hadi siku 14, ila maji na choo hakuna, kwa hiyo jaza tangi mjini.