Namna ya Kupata Sauti Nzuri ya Fidla

Anayeanza kujifunza fidla hushughulika mno na vidole vya mkono wa kushoto, ilhali uzuri wa sauti hutegemea zaidi mkono wa kulia unaoshika upinde. Nywele za upinde, ambazo ni za mkia wa farasi, zikipakwa ulimbo, yaani utomvu mkavu wa miti, huunasa uzi, huuvuta kidogo na kuuachia, na katika uzi wa noti ya la ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa na kidole, jambo hilo hujirudia takriban mara 440 kwa sekunde. Bila ulimbo nywele huteleza tu. Ulimbo ukizidi, sauti hukwaruza.

Chagua kwanza mahali pa kupitisha upinde, kati ya daraja, yaani kibao kinachoinua nyuzi, na mwisho wa ubao wa vidole. Ukisogea karibu na daraja, sauti hupata nguvu, lakini upinde hudai uzito zaidi na mwendo wa polepole. Ukisogea kwenye ubao, sauti hulainika, na upinde hutakiwa kuwa mwepesi na wenye kasi. Uzito huo utoke kwenye mkono mzima uliolegea kuanzia begani, wala si kwa kubana vidole. Upinde ukifika nchani hupungukiwa na uzito, hivyo kidole cha shahada kiuongezee taratibu.

Piga uzi mmoja ulio wazi mbele ya kioo, kwa upinde mrefu usiopinda kutoka kwenye mstari wa daraja. Ukisikia mluzi mwembamba, uzito umepungua au upinde unakimbia. Ukisikia mkoromo, unakandamiza kuliko mwendo unavyoruhusu. Zoezi hili linachosha, lakini sijui lenye faida kubwa kuliko hili, hasa kwa anayetaka kupiga taarab ya Unguja, ambako fidla kadhaa hufuata mkondo mmoja wa wimbo na mkwaruzo wa mmoja husikika kwa wote.

Mkono wa kushoto nao una sehemu yake. Kidole cha tatu, yaani cha pete, kwenye uzi wa noti ya re hutoa noti ya sol, na kikikaa mahali sahihi kabisa, uzi wa sol ulio wazi hutetemeka wenyewe na fidla nzima huitika. Sikiliza mwitiko huo kila siku.

Umalizapo, futa vumbi la ulimbo kwenye nyuzi na mbao kwa kitambaa kikavu, kisha ulegeze upinde.