Kisukari, presha na figo kwa mgonjwa mmoja: jinsi ninavyoandika dawa

Mwongozo huu ni wa watabibu wenzangu wa dispensari na vituo vya afya hapa Lamu. Nimeuandika baada ya kukaa na mwenzetu aliyeletwa kisiwani Pate, aliyetaka kujua pa kuanzia mgonjwa wa kisukari akija na presha, miguu iliyovimba na magoti yanayouma. Mgonjwa unayeusoma, usiache wala kupunguza dawa yoyote kabla hujaonana na tabibu wako.

Hatua ya 1: Mfuko

Usishike kalamu bado. Mwombe amwage mezani kila anachomeza, kisha uulize, "Na dawa ya magoti, Bi, iko wapi?" maana wengi hawaihesabu hiyo kuwa dawa. Ndipo itatoka diklofenaki ya dukani, vidonge vinne vilivyokatwa kwa mkasi, jina limebaki nusu. Iondoe, umpe parasetamoli. Diklofenaki au ibuprofeni ikikutana na enalaprili (dawa ya presha) na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa mgonjwa akiwa anaharisha. Angalia pia asiwe na glibenklamidi ya kituo na gliklazidi aliyoandikiwa Mombasa. Ni dawa za kushusha sukari za jamii moja, hazimezwi pamoja.

Hatua ya 2: Presha, uzito, miguu, sukari

Kazi hii unaijua.

Hatua ya 3: Figo

Hapa usiwe na haraka. Kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, ukiisoma peke yake itakupoteza. Maikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 30 ni uchujaji wa figo wa takriban mililita 80 kwa dakika. Namba hiyo hiyo kwa bibi wa miaka 70 ni takriban 47. Kwa hivyo piga hesabu kila mara, kwa fomula ya CKD-EPI ya 2021, inayokadiria uchujaji kwa kreatinini, umri na jinsia, na uweke kwenye simu programu isiyohitaji intaneti.

Uchujaji ukiwa 45 au zaidi, metformini (dawa ya kisukari) inaendelea, ila ukikaribia 45 pima figo mara kwa mara. Kati ya 30 na 44 usiianzishe upya. Aliyekuwa akiitumia asizidi miligramu 1000 kwa siku. Chini ya 30, isimamishe. Lakini kabla ya kumwita mtu mgonjwa wa figo, uliza kama ametapika au kuharisha juzi, na urudie kipimo. Ugonjwa sugu wa figo huthibitishwa tatizo likidumu kwa miezi 3, pamoja na kupima albumini (protini) kwenye mkojo.

Glibenklamidi mimi simwandikii mzee wala mwenye figo dhaifu. Mabaki yake hukaa mwilini yakiendelea kushusha sukari, na sukari ikishuka usiku wa manane kisiwani, boti ya kumvusha si rahisi kupatikana. Gliklazidi ni salama zaidi.

Hatua ya 4: Presha

Mkojo ukiwa na albumini, anza na enalaprili. Kikohozi kikavu kikimsumbua, badilisha kwa losartani, dawa nyingine ya presha. Kamwe usizichanganye, wala usimpe mjamzito hata moja. Rudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, usiikimbie dawa.

Hatua ya 5: Moyo

Akihema akilala chali, usiandike pioglitazoni, dawa ya kisukari inayobakiza maji mwilini. Dapagliflozini, dawa nyingine ya kisukari, inafaa akiimudu bei, na aisimamishe siku anazotapika au kuharisha.

Hatua ya 6: Ramadhani

Lizungumzeni mwezi wa Shaabani, mapema. Mwenye figo zilizodhoofika sana au ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, mshauri asifunge. Kwa anayefunga, dozi kubwa ya metformini iwe wakati wa futari, ndogo wakati wa daku. Gliklazidi ya mara moja kwa siku ihamie futari. Mwandikie kwenye kijitabu chake: sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.7, afungue saa hiyo hiyo.