Somo la ogham: herufi Beithe (B)

Ogham ni maandishi ya kale ya Ayalandi, ya mikato kwenye mstari. Leo herufi moja tu. Shika penseli.

Hatua ya 1. Chora mstari wa wima. Kwenye mawe ya Ayalandi ya karne ya 5 na ya 6 mstari huo kwa kawaida hauchorwi: ni ukingo wa jiwe lenyewe, nawe unasoma toka chini kwenda juu.

Hatua ya 2. Piga mkato mmoja kulia. Hiyo ndiyo Beithe, yaani B. Mkato huohuo ukihamia kushoto ni H, ukiukata mstari kwa mshazari ni M, ukibaki nukta tu juu ya ukingo ni A. Kwa mkato mmojammoja tayari unaandika "baba" na "mama". Jaribu kwanza.

Hatua ya 3. Jina. Beithe ni betula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Wasomi wa kale waliipa kila herufi mafumbo, na sisi tuliokuzwa kwa vitendawili hapo tupo nyumbani. Kitendawili! Mguu umenyauka, nywele nzuri. Ndiyo betula: shina limepauka, matawi yananing'inia.

Hatua ya 4. Ishara. Wengi hukimbilia "mwanzo mpya", lakini hayo ni maneno ya siku hizi. Kitabu cha Ballymote, cha mwishoni mwa karne ya 14, kinasimulia kwamba maandishi ya kwanza ya ogham yalikuwa B saba kwenye fimbo ya betula, akapelekewa Lug, shujaa wa hadithi za kale za Ayalandi: mkeo atachukuliwa mara saba hadi nchi ya kina jini, asipolindwa na betula. Mimi basi naisoma Beithe kama onyo na kinga kwa pamoja.

MASWALI

Mwalimu, kila herufi ni mti?
Hapana. Duir ni mwaloni, sawa, lakini Gort ni shamba na Úath ni kitisho.

Nimezaliwa Januari, programu ya simu inasema mti wangu ni betula. Kweli?
Kalenda hiyo ni ya mshairi Mwingereza Robert Graves, mwaka 1948. Mawe hayataji miezi. Mengi yanasema tu fulani, mwana wa fulani.

Nataka tatuu ya B. Kulia kwangu au kwa anayenitazama?
Kwa anayetazama, mstari ukiwa wima. Msimamie mchoraji, ndugu yangu: akiupindua juu chini, utatembea na H.