Shubiri: jani moja, dawa mbili

Kata jani la shubiri karibu na shina, lisimamishe juu ya sahani nyeupe, kisha tulia ulitazame. Muda si muda utaona matone ya manjano yakichuruzika pale penye jeraha, chini tu ya ganda la kijani. Yakikaa hewani yanageuka kahawia, na harufu yake inakera pua. Hayo ndiyo yaliyotupa msemo "chungu kama shubiri". Sasa pasua jani hilohilo kwa urefu. Katikati utakuta nyama inayong'aa kama kioo, yenye utelezi, na ukiiosha vizuri haina uchungu wa kutisha hata kidogo.

Vitu hivyo viwili havifanani kwa kazi wala kwa hatari. Wengi huvitwanga pamoja, wakaita "maji ya aloevera" na kunywa. Mkulima ndiye wa kwanza mwenye uwezo wa kuvitenganisha, na ndiyo sababu naandika haya.

Tuanze na ule wa manjano, yaani utomvu. Una aloini, kemikali ambayo tangu zamani imefanya shubiri itumike kama haluli. Inafanya kazi kweli: inauchokoza utumbo mpana, maji yanavutwa humo, choo kinalainika. Ila utumbo ukichokozwa hivyo mara kwa mara mtu hupata msokoto wa tumbo, huharisha, na hupoteza maji pamoja na madini ya potasiamu ambayo mapigo ya moyo yanayategemea. Kwa anayetumia dawa za moyo au za kupunguza maji mwilini, hilo si jambo dogo. Mjamzito asiunywe kabisa, wala mama anayenyonyesha, wala mtoto, wala mwenye ugonjwa wa figo. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilisimamisha uuzaji wa haluli za shubiri bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Baadaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka dondoo ya jani zima la shubiri katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, baada ya panya waliopewa dondoo hiyo kwenye maji ya kunywa kuota uvimbe katika utumbo mpana. Zingatia neno hilo: jani zima.

Ute wa katikati ni habari nyingine. Takriban asilimia 99 yake ni maji, na katika kilichobaki kuna sukari za minyororo mirefu, maarufu zaidi ikiwa asemanani. Ukiupaka, unapoza na kulainisha ngozi iliyoungua kwa jua, iliyokauka, au iliyobabuka kidogo kwa moto. Kwa kuungua, kwanza weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ute ufuate baadaye. Jeraha la kina au lenye malengelenge makubwa lipelekwe kwa mganga wa hospitali, lisipakwe kitu. Na kabla ya kupaka eneo kubwa, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, uache siku nzima, maana wapo wanaowashwa. Ninaposikia ute huu ukiuzwa kama tiba ya kisukari au saratani naumia moyoni, kwa sababu anayeamini huacha dawa zake.

Sasa shambani. Jamii za shubiri ni zaidi ya 500 na chache kati yake zina sumu, kwa hiyo usichukue mche wa porini kwa kuwa tu una majani manene yenye miiba. Tafuta Aloe vera yenyewe kwa mtu anayeijua. Majani yake ni kijani cha kijivu, machanga mara nyingi yana madoadoa meupe, na maua yake ni ya manjano. Kung'oa za porini kuna tatizo jingine pia: shubiri karibu zote zimo kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Aloe vera ndiyo iliyoachwa nje.

Panda machipukizi yanayoota pembeni mwa mama yakishakuwa na mizizi yake. Yaache kivulini siku chache ili kidonda kikauke, ndipo uyatie ardhini, kiasi cha sentimita 60 kati ya mche na mche. Udongo wa kichanga unaopitisha maji ndio wake. Mmea huu hufungua vinyweleo vya majani, yaani matundu madogo ya kupitishia hewa, usiku na kuvifunga mchana, hivyo unavumilia ukame kuliko mazao mengi. Kinachouua ni maji yaliyotuama, yanayoozesha mizizi. Mwagilia udongo ukiwa umekauka kabisa. Majani yakigeuka mekundu baada ya kupandikiza usiogope, ni jua tu, yatarudi.

Mavuno ya kwanza yasubiri mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Chukua majani ya chini, ya nje, yaliyonenepa, matatu au manne kwa mche, nawe uache moyo wa mmea. Kata hadi kwenye kitako cheupe bila kukipasua, kwa sababu kitako kizima huzuia hewa na vijidudu visiingie ndani.

Ukifika nyumbani, kata kitako hicho na uyasimamishe majani kwenye beseni, upande uliokatwa chini, kwa robo saa au zaidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa, eti inachelewesha kazi. Utomvu ukishachuruzika, osha majani, ondoa ncha na kingo zenye miiba, menya ganda upande mmoja, kisha upande wa pili. Usikwangue ganda kwa kijiko ukitafuta ute wa mwisho, maana aloini imejificha hapohapo chini yake. Suuza vipande vya ute mpaka usione mstari wowote wa manjano. Vikibaki na rangi hiyo, suuza tena.

Ute uliomenywa hauvumilii joto, mwanga wala hewa. Utie kwenye chombo safi chenye mfuniko, uweke kwenye friji na uutumie ndani ya siku chache. Ukigeuka waridi au kahawia, umwage. Utomvu uliobaki kwenye beseni nao usimwagwe mahali ambapo mbwa au paka watalamba, kwa kuwa unawadhuru. Chimba shimo dogo, uufukie.